Mbambu, Binti wa Nne

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa mabegi mawili na onyo moja. Mabegi yalijaa picha kubwa za sokwe zilizochapwa kwenye turubai, maana karatasi haistahimili mvua ya milima yetu. Onyo lilitoka kwa Afisa Elimu wa hifadhi, bosi wangu wa kwanza, mzee mpole aliyevaa sweta hata jua likiwaka. "Masika," aliniambia, "watoto usiwatishe. Ukiwatisha hawataupenda msitu." Nikajibu, "Ndiyo, mzee." Nikamtii kupita kiasi, na hilo ndilo linalonifanya niwasimulie haya ninyi vijana mnaoanza kazi hii.

Ofisi ilikuwa Kasese mjini, upande wa Nyamwamba, na kazi yenyewe tuliiita elimu ya jamii. Unaingia shuleni, unatundika turubai ubaoni, unaeleza. Kiota ni kitanda cha majani ambacho sokwe hujitandikia juu ya mti kila jioni, na kesho yake hujitandikia kingine. Mtego ni kitanzi cha waya. Wawindaji hukitega kumnasa paa, lakini sokwe akipita mkono wake hunaswa, na akijivuta waya hukata mpaka mfupani. Mambo hayo niliyasema haraka haraka, nikafunika kwa wimbo. Picha za damu nilizikunja zikabaki chini ya begi miaka yote.

Nilikuwa na mbinu yangu niliyojivunia mno. Sisi Wakonzo tunawapa watoto majina kwa mpangilio wa kuzaliwa. Binti wa kwanza wa mama ni Masika, kama mimi. Wa pili ni Biira, wa tatu Kabugho, wa nne Mbambu, wa tano Ithungu. Ukisikia jina la msichana unajua ana dada wangapi mbele yake. Basi nikawapa na sokwe wa kwenye picha majina hayo. "Huyu mkubwa ni Masika. Huyu mgongoni kwa mama ni Biira. Hawa ni ndugu zetu." Weee, darasa lilikuwa linapasuka kwa kicheko! "Mwalimu, umejiita sokwe!" Nami nawajibu, "Ndiyo, hamuoni masikio yangu?"

Walinihamishia Kasenyi, kwenye mwalo wa ziwa, ambako watoto walijua viboko kuliko wanavyojua mbuzi, na mmoja akaniuliza sokwe anaogelea mpaka wapi. Nikakaa Kabatoro, penye ziwa la chumvi, miaka kadhaa, na wanafunzi wangu walikuja darasani na chumvi imewakausha miguu. Mwishowe nikapelekwa Bwera, jirani na mpaka wa Kongo. Huko bosi wangu alikuwa Mkuu wa Ulinzi, mwanajeshi mstaafu ambaye hata mkewe alimwita Afande. Yeye hakuwa na maneno mengi. Siku niliyoripoti aliniambia, "Wewe fundisha. Kukamata iko kazi yangu. Usichanganye."

Nikachanganya, siwafichi.

Asubuhi moja, katika shule ya msingi ambayo nilikwishaitembelea mara mbili, msichana wa miaka kama minane alinyoosha mkono. Aliitwa Kabugho. Alikuwa na mafua mazito, anavuta kamasi kila neno la pili. "Mwalimu, Mbambu yetu inakataa uji. Nipatie yeye nini?"

Nikadhani ni mdogo wake. Nikamwambia amwambie mama ampeleke kliniki. Darasa zima likaangua kicheko. "Mwalimu," akadakia mwenzake, "Mbambu yao iko na manyoya!"

Mapumziko yalipofika nilimwomba Kabugho anipeleke kwao.

Nyumba yao ilikuwa nyuma ya soko. Mama yake ni Mkonzo wa hapo hapo Bwera. Baba, Papa Kambale, ni mfanyabiashara wa vitenge aliyetoka Butembo, ng'ambo ya mpaka. Kwenye kona, ndani ya boksi la sabuni lililotandikwa kitenge kipya kabisa, alilala sokwe mchanga. Macho yalimtoka, kifua kinapanda na kushuka, anakohoa kikohozi kile kile cha Kabugho. Mafua yetu ya kawaida huwaua sokwe. Hilo nalo nililijua, na sikuwahi kulifundisha.

Papa Kambale alisogea mbele ya boksi. "Mwalimu, usinihukumu mbio. Niliikuta mu kitunga, mutu mumoja anaiuzisha. Anasema kama hapana mununuzi, kesho inakuwa nyama. Huyu mutoto wangu akalia, akalia. 'Papa, ile ni ndugu yetu, mwalimu alisema.' Nikatoa vitenge mbili, nikaileta. Nilifanya mubaya?"

Jamani, nilitamani ardhi inimeze. Sheria inasema kumfuga sokwe ni kosa la kufungwa. Baba wa watu angeingia jela kwa ajili ya somo langu, na mtoto wa sokwe angekufa katika boksi la sabuni, amefunikwa kwa upendo.

Nikamwambia Kabugho kwamba Mbambu lazima aondoke leo, kwa madaktari wa wanyama. Akamkumbatia. "Hapana. Ulisema ni ndugu. Ndugu hatumtoe kwa watu."

"Kabugho, mama yake yuko wapi?"

Akafikiri. "Iko pori. Inamtafuta."

Nikapiga magoti kwenye sakafu ile nikamwambia nililowaficha yeye na watoto wote tangu siku ya turubai la kwanza. "Mama sokwe hampi mtu mtoto wake. Hakuna anayempata mtoto mpaka amuue mama kwanza. Na anayenunua, hata kwa huruma, yule mtu anarudi msituni kutafuta mwingine."

Hakulia. Akauliza kwa sauti ndogo, "Mbona hukusema?"

Nikampigia Afande. Alikuja na askari wawili na pingu. Nikasimama mlangoni kama mwendawazimu. "Afande, kosa ni langu. Mimi ndiye niliyewafundisha nusu."

"Mwalimu! Wewe iko mwalimu ama wakili? Toka mlango!"

Wakati huo Kabugho akapita chini ya mkono wangu, Mbambu amefungwa mgongoni kwa kitenge kama abebwavyo mtoto yeyote wa Bwera. Akamsogelea yule mwanamume mkubwa mwenye bunduki. "Afande, analala na nguo hii. Usiiondoe." Afande akaitundika bunduki begani. Akampokea. Papa Kambale alieleza yote anayojua kuhusu muuzaji, akaandikishwa onyo, akalala kwake usiku huo.

Mbambu alikaa karantini, yaani alitengwa hadi kikohozi kikaisha, kisha akapelekwa kwenye makao ya sokwe mayatima, ambako sokwe jike mzima alikubali kumbeba. Nilimpelekea Kabugho picha. Aliipokea bila kunisalimu. Mwaka mzima hakunisalimu, na niliona ana haki. Mimi nilifungua begi, nikazikunjua zile picha za chini. Yule Afisa Elimu wa Kasese alipolalamika nilimjibu, "Mzee, nilikutii nikakosea. Hawa watoto wanaweza kubeba ukweli. Mmoja ameubeba mbele yangu."

Miaka mitatu baadaye nikastaafu. Shule ile iliniandalia chai na hotuba ndefu kuliko ningependa. Nilipokuwa naaga, Kabugho alikuja, amerefuka, na mtoto mgongoni.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Huyu ni nani?"

"Mdogo wangu. Mama alimzaa baada ya ile mambo."

Nikamtekenya mtoto shavu. Wasichana watatu, na huyu sasa. Hesabu yenyewe haihitaji shule. "Karibu duniani, Mbambu," nikasema.

Kabugho akatikisa kichwa. "Hapana, mwalimu. Huyu ni Ithungu." Akampandisha vizuri mgongoni. "Mbambu iko kwao, na mama yake mupya. Huyu ni wa tano."