Panya wa Jiko la Nje

Mimba yangu ya kwanza ilinikuta tayari nakula udongo. Niliuanza nikiwa msichana, ule wa vijiti unaouzwa sokoni kwenye beseni, na hakuna aliyenikemea. Mvua ikigusa vumbi tu, mate yalinijaa. Nilipokuwa mjamzito, wanawake wa jumuiya yetu ya sala wakawa wananiletea wenyewe, wameuviringa kwenye gazeti.

"Kula, mama kijacho. Mtoto ndiye anaudai."

Kliniki hawakucheka. Muuguzi alinivuta ngozi ya chini ya jicho, akachungulia palivyopauka.

"Udongo unakula?"

Nikakubali.

"Dada, leba watu huvuja damu. Wewe utavuja nini?"

Wiki ileile nilisimama katika jumuiya nikasema naacha. Wakapiga vigelegele, wakaniombea. Vijiti vilivyobaki nikavitupa chooni. Sikununua tena, wala sikupokea vya mtu.

Tuliishi kwa mama mkwe, juu ya Sekei, pale migomba inapoanza kuwa mingi kuliko nyumba. Mume wangu alishinda kwenye karakana yake Ngarenaro. Mchana tulibaki wanawake wawili na ukungu wa Mlima Meru, unaoshuka na kuingia ndani bila kubisha hodi. Nyumba kubwa ilikuwa ya tofali, lakini jiko la nje lilikuwa la zamani, la fito na udongo mwekundu. Humo nilipenda kukaa alasiri, nikichambua maharage na kusali kimoyomoyo.

Mama mkwe ndiye aliyeliona shimo. Lilikuwa nyuma ya gunia la mkaa, usawa wa bega la mtu aliyekaa kigodani.

"Njoo uone. Tuna panya."

"Panya gani, mama? Mahindi si haya, hajayagusa."

"Huyu amesoma. Anakula nyumba!"

Tulicheka. Akatega mtego na kipande cha dagaa. Mtego haukufyatuka, na dagaa akakauka palepale. Shimo ndilo lililokua. Fito zikaanza kutokeza, nyeupe kama mbavu. Mama mkwe hakucheka tena. Alinyunyiza maji ya baraka kona zote. Nami nikaogopa kukaa humo peke yangu. Hata hivyo, alasiri ikifika nilijikuta nimekaa humo, maharage yamekwisha kuchambuliwa, na sikumbuki niliingia saa ngapi.

Jumatano ya Majivu tulikwenda kanisani pamoja. Padri alinichora msalaba kwenye paji la uso, akasema yale maneno kwamba tu mavumbi na mavumbini tutarudi. Chembe za majivu zikadondoka puani, zikateremka hadi mdomoni. Ulimi wangu ukatoka ukazifuata. Haukuniuliza. Zikasagika kati ya meno, na nikiwa bado nimesimama mbele ya altare nikautambua ule mlio. Niliusikia jana. Niliusikia jikoni.

Nikatazama kucha zangu. Chini yake palikuwa pekundu.

Tulipofika nyumbani nilikwenda moja kwa moja jikoni, nikasogeza gunia la mkaa, nikakaa kigodani na kunyoosha mkono bila kutazama. Vidole vikaingia shimoni, kila kimoja mahali pake.

"Mama!" niliita. "Mama, panya ni mimi."

Alisimama mlangoni na msalaba wake wa majivu usoni. Akautazama mkono wangu ulivyokaa ukutani, akajishika kifua.

"Yesu wangu. Na ulisema umeacha."

"Nilidhani nimeacha."

"Na kusali, unasali?"

"Kila siku. Kimoyomoyo."

"Ndiyo hayo. Mdomo umeuacha hauna kazi."

Alitoka. Aliporudi alikuwa na beseni la udongo mbichi, akaliweka mbele yangu.

"Kanda. Uzibe."

"Mama, huo si ndio udongo wenyewe!"

"Naujua. Nyumba yangu ina tundu, na mjukuu wangu yumo humo ndani yako. Kanda, na usali nikusikie." Akaongeza mavi ya ng'ombe, mengi kuliko ukuta ulivyohitaji. "Hayo ni ya kukusaidia imani."

Nikakanda. Harufu ya ng'ombe haikuishinda ile ya udongo. Ya udongo ilipanda kutoka kwenye beseni na kunikaa kooni. Nilisali Salamu Maria kwa sauti, nikikosea na kurudia. Siku zote nilikuwa nimemwomba Mungu aiondoe hamu, nisiione tena. Siku ile nilimwomba aitazame mikono yangu pamoja nami, kwa sababu peke yangu nilikuwa nimeshindwa kuiona.

Katikati ya sala mkono wa kulia ulianza kupanda. Niliuona ukija usoni taratibu, na bonge limejaa kiganjani, kama mkono wa mtu aliyekaa nyuma yangu. Mama mkwe naye aliuona. Hakuushika.

"Endelea," alisema. "Sikusikii."

Nikapaza sauti. Mkono ukasimama mbele ya midomo yangu, karibu kiasi cha kuhisi ubaridi wa udongo. Nikaanza sala upya, kwa nguvu, neno baada ya neno, mpaka ukashuka na kulibandika bonge lile ukutani.