Namba Saba Bado Iko Kazini

Saa kumi na mbili asubuhi, theluji imefika usawa wa dirisha, na Lorette Cyr amesimama kando ya mkanda unaopitisha viazi. Hagusi hata kimoja. Juu yake kamera nne zinachagua, na mkono wa chuma unatupa vibovu. Kazi yake ni kubonyeza kitufe chekundu kila mashine inapokosea, ili ijifunze.

Lorette, miaka 58, amechagua viazi kwa miaka 31 katika ghala hili la mji mdogo wa Violette, kaskazini mwa jimbo la Maine, Marekani. Mwaka juzi wachaguaji walikuwa kumi na wanne. Amebaki peke yake kwa sababu ndiye mwenye jicho kali, na Ijumaa naye anaondoka.

"Walisema itatusaidia," anasema, macho hayabanduki kwenye mkanda. "Kumbe mimi ndiye wa kuisaidia."

Masharti yalikuwa mepesi kuelewa: angebaki kazini mpaka mashine ikosee chini ya mara tano kwa siku. Shemeji yake, Rosaire, anayeendesha gari la kunyanyulia mizigo humu humu, alimpa mbinu tangu mwanzo.

"Bonyeza ovyo, shemeji! Kizuri bonyeza, kibovu kiache kipite. Ichanganyikiwe hiyo, wewe ule mpaka uzeeke!"

Alishindwa. Katika ghala hili kila gunia huwekwa kikaratasi chenye namba ya mchaguaji, mnunuzi akilalamika ajulikane nani wa kulaumiwa. Namba ya Lorette ni saba. Kwa miaka 31 hakuna gunia lake lililorudishwa, na magunia ya mashine yanatoka kwa namba hiyo hiyo.

"Kiazi kioze ndani ya gunia langu? Thubutu!" anasema, kisha anacheka kidogo. "Mjinga mimi. Nimejifukuza kazi mwenyewe, tena kwa bidii."

Inauma kumsikia akisema hivyo. Mpaka Ijumaa anapata dola 640 kwa wiki. Mumewe, Normand, anapumulia mtungi wa oksijeni, na bima inayoulipia ni ya ghala. Ameomba kazi sehemu sita. Mbili zilijibu, moja ikimweleza kwamba nafasi hiyo imechukuliwa na mashine.

Jumatatu kuna mkutano wa mji. Wakazi watapiga kura kwa kunyoosha mikono: kila mtu mzima apewe dola 700 kwa mwezi, awe na kazi au asiwe nayo, zitokane na kodi ya maghala yanayotumia mashine.

"Hela ya kukaa bure," anasema Rosaire wakati wa mapumziko, mdomo umejaa chapati. "Watu watalala mpaka mchana."

"Na Normand apumue nini, shemeji? Maneno yako?"

Rosaire anameza tonge na kurudi kazini. Gari lake nalo litaanza kujiendesha kiangazi.

Lorette hajawahi kusimama kusema mkutanoni. Hata kanisani hukaa nyuma. Safari hii ameshaweka kikaratasi kimoja cha namba saba mfukoni mwa koti. Msimamizi amemwambia vimechapishwa vya kutosha mpaka vuli, hivyo mashine itaendelea kuvitumia.

"Nitawaonyesha hiki," anasema. "Niwaambie namba saba bado iko kazini. Mwenye namba naye anahitaji kula."