Siku Baba Alipomvua Baba Mkwe

Kwetu samaki hakuwa chakula, alikuwa aibu. Tulikuwa watu wa ng'ombe, kule juu Karuba, na mtu wa ng'ombe alijua kwamba mkono ulioshika samaki ukigusa chombo cha maziwa, ng'ombe hukauka. Padri alikuja kutueleza kwamba Ijumaa Mkristo anaacha nyama na anaweza kula samaki. Baba alimsikiliza kwa heshima zote, kofia mkononi, kisha akamjibu kwamba ruhusa hiyo ni nzuri sana kwa watu wasio na maziwa.

Ndiyo maana hadi leo nikimkumbuka mtu huyo huyo ndani ya maji mpaka magotini, ulimi nje, akimnyemelea samaki, sijui nicheke au nishike rozari.

Mambo yalianza na Mzungu, kama mambo mengi ya miaka ile. Alikuwa na shamba la pareto ng'ambo ya kilima, na sisi ndio tuliompelekea maziwa. Yeye na wenzake walikuwa wameleta samaki wa kwao, wenye madoadoa, wakawamwaga katika vijito vyetu vya baridi. Waliwaita truiti. Kisha, badala ya kuwatega kwa migono kama watu wenye akili, wakawa wanawavua kwa nzi wa uongo: ndoano ndogo iliyofungwa manyoya ya jogoo na nywele za mnyama, inayorushwa juu ya maji kwa fimbo nyembamba yenye uzi mrefu, ili samaki adhani ni mdudu. Jogoo, Mzungu alikuwa naye. Nywele alizitaka kwa baba, za mkia wa ng'ombe wetu mwekundu.

"Bwana," baba akamwambia, "mukia wa ng'ombe, Mungu aliutengeneza wa kufukuza nzi. Wewe unataka tutengeneze nayo nzi?"

Lakini alimpa, kisha akamfuata mtoni kuhakikisha kwamba nywele za ng'ombe wake haziendi kufanyiwa uchawi. Alienda asubuhi, akarudi jioni, mkono ukirusha hewani uzi ambao haukuwapo. Nadhani ndiyo siku tuliyompoteza. Mzungu alipoletewa fimbo mpya kutoka kwao, ile ya zamani akampa baba, na baba akaificha ndani ya nyasi za paa la zizi.

Tangu hapo ng'ombe wetu wakawa wa kunyweshwa maji kupita kiasi. Kiangazi, vijito vinapokuwa safi, aliwateremsha asubuhi, akawateremsha tena mchana, na pengine jua likielekea kuzama, wanyama wenyewe wamesimama ukingoni wanamtazama tu, wamechoka kunywa. Mke wa Mzungu akalalamika kwamba maziwa yamekuwa mepesi. Baba aliapa kwa Bikira Maria kwamba hajaongeza hata tone, na alisema kweli. Maji yalikuwa yamepitia kwa ng'ombe.

Samaki wenyewe hakuwala. Aliwapa mama mmoja wa kabila la Wahunde, jirani yetu mkulima, ambaye shamba lake la maharagi lilishuka mpaka mtoni. Mama huyo aliwapika kwa mafuta ya mawese, na hakumwambia mtu ila mimi, kwa kuwa mimi nilikuwa nimekwisha kuona kwa macho yangu.

"Papa yako analoba samaki na ile fimbo, na haikule," aliniambia. "Iko kama muntu wa kulima maharagi, akishavuna anaiacha njiani."

Akacheka mpaka akaegemea jembe. Mama yangu, tulidhani, hakujua lolote. Baba akitoka mtoni alinawa kwa mchanga, akanawa kwa majani, mwisho akajipaka mavi mabichi ya ng'ombe mpaka kwenye viwiko, na hivyo akaingia nyumbani akinuka heshima.

Basi nikachumbiwa. Kijana alikuwa monitere, akifundisha shule ya misioni, kwao Burungu, na nilimtaka. Nasema wazi, kwa sababu siku hizi watu wanadhani wasichana wa zamani tulipelekwa kama mbuzi. Nilimtaka mpaka chakula kilinishinda. Shida ilikuwa baba yake. Mzee huyo alijulikana kutoka Burungu hadi Mushaki kwa ukali wa miiko. Alikuwa amevunja uchumba wa mwanawe mkubwa kwa sababu ndugu wa msichana alionekana sokoni akila ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani. Tena ndagala mmoja, tena mkavu.

Siku ya wao kuja kuniomba ikafika. Pombe ya ndizi ilikuwa imeiva, na mama alikuwa amefukiza vyombo vya maziwa kwa moshi mpaka nyumba nzima ikanukia. Jambo kubwa lilikuwa hili: katikati ya maneno yote ningeleta maziwa nimpe baba mkwe. Akipokea kwa mikono miwili na kunywa, nimepokelewa. Akiyaacha, wageni wanaaga, wanakwenda zao, na hakuna wa kuuliza sababu.

Asubuhi hiyo baba alikuwa na wasiwasi kuliko mimi mwenyewe. Alivaa koti lake la misa, akalivua, akalivaa tena, halafu akasema anawapeleka ng'ombe mtoni ili wageni wawakute wamependeza.

"Hata leo?" mama akauliza.

"Hata leo ng'ombe inasikia kiu."

Akaenda. Tulingoja, tukangoja, mwisho mama akanituma nimwite.

Nilipofika juu ya mteremko nilimwona, koti limetundikwa mtini, anarusha uzi nyuma na mbele, nyuma na mbele, ametulia kama mtu anayesali. Nikaona pia kitu ambacho yeye hakukiona. Nyuma yake, kwenye njia ya mtoni, mzee mmoja mwenye koti refu jeusi alikuwa anakuja peke yake, polepole, akihesabu ng'ombe wetu kwa kidole. Baba mkwe alikuwa amewaacha wenzake barabarani ili apitie chini kwa siri, aone kama mifugo tuliyoisifu ipo kweli. Kuhesabu ng'ombe wa watu nako ni mwiko, lakini huo nadhani aliusahau nyumbani. Nilianza kuteremka mbio. Baba akarusha nyuma, akavuta mbele, uzi ukakataa. Akadhani ni tawi. Akavuta kwa nguvu.

"Yezu wangu!" tawi likasema.

Nilijitupa ndani ya matete. Baba aligeuka, akamkuta baba wa mchumba wangu amenaswa begani. Hakuna aliyekumbuka kusalimia.

"Hii njo nini?" mzee akauliza.

"Fimbo ya ng'ombe, Muzee."

"Fimbo iko na kamba, na kamba iko na mududu?"

"Mududu iko ya nywele ya mukia," baba akasema, akitafuta ardhi imfungukie. "Ya ng'ombe yangu, ile nyekundu."

Mzee alichomoa ndoano kwenye koti, akaigeuzageuza kwenye kiganja.

"Ng'ombe muzuri," akasema. Akainusa ile ndoano. "Na samaki inakubalia hii?"

"Sisi hatukule, Muzee. Ni muchezo tu."

"Onyesha."

Nilikaa ndani ya matete, nikiona maisha yangu yanarushwa juu ya maji. Baba alimpa fimbo, akamshika kiwiko, akamwelekeza. Mwanzo mzee alinasa kofia yake mwenyewe. Halafu alinasa ndama. Halafu maji yakafumuka, fimbo ikapinda, na yule mtu wa miiko akapiga ukelele wa kitoto:

"Inavuta! Inavuta kama ndama!"

Akaingia majini na viatu vyake. Akamkumbatia truiti kwa mikono miwili, kifuani, juu ya lile koti jeusi, akacheka. Sikuwa nimesikia kwamba mzee huyo hucheka.

Kisha akakumbuka. Alimtazama samaki, akatazama mikono yake, uso ukamshuka. Yule mama Muhunde alitokea maharagini akampokea samaki kama ilivyo kawaida yake. Baba akaleta mchanga, akaleta majani, akaleta na mavi mabichi. Mzee alijipaka, akanusa vidole, akatikisa kichwa.

"Hii itadanganya bibi ya muntu," akasema. "Ng'ombe, hapana."

Nilikimbia nyumbani kwa njia ya mkato.

Wageni wengine walikuwa wamekwisha kukaa wawili hao walipoingia, wamelowa mpaka magotini, wazito kama maaskofu. Baba alisema walipitia mtoni kutazama ng'ombe, na huo haukuwa uongo. Maneno yakasemwa, pombe ikaletwa. Baba mkwe alisema vizuri sana, lakini mikono yake ilikaa ndani ya koti, na pombe aliinamia mrija bila kuugusa.

Nikaleta maziwa. Nilipiga magoti mbele yake, nikainua kikombe cha mti. Hakutoa mikono.

Mama, mlangoni, alijiziba mdomo. Mchumba wangu alinitazama kama mtu aliyepigwa. Nilishikwa na hasira juu ya baba, juu ya Mzungu, juu ya kila truiti aliyeletwa katika nchi yetu bila kuitwa. Kisha nikamtazama mzee usoni, na hasira ikaniisha. Macho yake yalijaa machozi. Angeweza tu kutoa mikono, nani angejua? Lakini yeye aliamini. Aliogopa kutukaushia ng'ombe, na hakuweza kusema sababu bila kumwaibisha baba yangu mbele za watu. Nilimpenda pale pale, hata kabla sijawa mkwe wake.

Nikasogea, nikamwekea kikombe mdomoni mimi mwenyewe, kama mtu anayemnywesha mgonjwa, nikakiinua polepole. Alinywa mpaka tone la mwisho, mikono kotini. Nikamfuta povu kwenye masharubu kwa ncha ya kitenge changu.

"Papa," nikamnong'oneza, "maji ilikuwa baridi?"

"Sana, mutoto wangu," akanong'ona. "Sana."

Shangazi wa mchumba wangu akapiga vigelegele, akatangaza kwamba hajaona msichana wa heshima namna hiyo tangu azaliwe. Mjadala wa ng'ombe wa mahari, ambao kwa kawaida hula siku nzima, ulikwisha pombe ikiwa bado chunguni. Mzee hakubishania hata ndama. Aliomba jambo moja: kila kiangazi, maji yakiwa safi, aruhusiwe kuja kutusalimia. Ndugu zake walitazamana, wakadhani uzee umemwingia.

Maziwa yakamfikia baba. Akapokea kikombe kwa mikono yake miwili, bila kusita, akanywa yote, akashukuru.

Wageni walipoondoka, mama alikusanya vyombo. Alipofika mbele ya baba akasimama.

"Ule muzee amenuka mavi kama wewe ukitoka mutoni. Ameshika samaki siku moja tu, akaogopa maziwa yangu," akasema. "Wewe unaloba tangu kiangazi gani?"

Baba akaingiza mikono kotini.

"Mutoto wangu anaenda mu nyumba ya watu wa haya," mama akasema, akilia na kucheka pamoja. "Mimi sikuipata hiyo bahati."