Mtafsiri wa Diski

Kila Jumanne, klabu ya kompyuta ilipokutana katika ukumbi wa kanisa pale Huddersfield, Uingereza, Enid alimkuta mtafsiri wa diski amekwishakaa, sweta limejaa makombo ya biskuti. Kompyuta za wanachama zilikuwa za aina tofauti, na moja haikuweza kusoma diski ya nyingine. Programu ya mtafsiri huyo ndiyo iliyozipatanisha. Aliipapasa diski kwa kidole gumba, akaisukuma ndani, kisha akasoma kwa sauti kila mstari uliotokea, kuhakikisha hakuna herufi iliyoharibika. Iwe hesabu au ugomvi wa ndoa, ukumbi mzima ulisikia.

Siku hiyo Enid alimletea diski ya Clifford, jirani yake mwenye haya, aliyesema ni maelezo tu ya kupika keki. “Mpendwa Enid,” akanguruma mtafsiri, “tangu uhamie mtaani kwetu...” Akanyamaza ghafla, masikio mekundu. Akaigeuza skrini upande wa Enid, akaanza kufuta miwani iliyokwisha kuwa safi.

Enid alisoma, kisha akapaza sauti kuelekea kwenye birika la chai, alikosimama Clifford na kikombe mkononi. “Clifford! Hapa pameandikwa ‘nikuoe’. Programu imekosea?”

Clifford akamwaga chai. “Programu iko sawa, Enid.”

“Basi njoo useme mwenyewe.”

Mtafsiri akainuka, akakipangusa makombo kiti ambacho alikuwa hajawahi kumpisha mtu, akampisha Clifford.