Odowa Kwenye Kikaratasi

Yule mama wa Loresho, mtaa wa matajiri, aliyetulipia chumba cha kukutania alikuwa anatusalimu kwa mkono, halafu anauficha chini ya meza na kujipaka dawa ya kuua viini. Alidhani hatuoni. Kila Jumanne, ghorofa ya tatu katikati ya jiji, harufu ile ile ya ndimu. Ilinitia kinyaa.

Kazi yangu pale ilikuwa kukaa na wajawazito wanaoacha heroini, unga kama tunavyoiita, kwa kuwa nami niliuacha nikiwa na mimba. Udaktari sina. Ninajua tu arosto inavyomvunja mtu mifupa siku akiukosa.

Mmoja wao alikuwa na mimba ya miezi saba. Alipewa kitanda katika nyumba moja Kilimani mpaka ajifungue, kwa sharti kwamba akipatikana na unga anafukuzwa siku hiyo hiyo. Kwao hawakutaka hata kusikia sauti yake. Akitoka Kilimani ni kichochoroni alikokuwa akivutia unga, na tumbo lile.

Jumanne moja yule mama alifungua mkoba wa binti huyo bila hodi, akatoa kikaratasi kilichokunjwa. Ndani, vumbi la kahawia. Alikishika kwa ncha za vidole, kama aliyeshika chawa.

"Si nilisema? Hawa ni wale wale tu." Akanigeukia. "Wewe ndio unajua hizi vitu. Hii ni nini?"

"Auntie, ni odowa," binti akaniambia. "Zile mawe tunakula tukiwa na ball. Ilivunjikia kwa bag. Onja basi!"

Odowa huuzwa hata kwa mama mboga, na mjamzito akishikwa na hamu ya udongo huitafuna. Hata mimi niliitafuna. Ningeweza kumtetea palepale. Badala yake nikakikodolea macho kile kikaratasi, mate yakanijaa mdomoni.

Nikalowesha kidole, nikaonja. Udongo mtupu.

"Ni odowa," nikasema.

Yule mama akakohoa, akasema ni vizuri kuwa makini. Pole hakutoa, akajipaka dawa yake. Binti akanikumbatia, tumbo lake likanisukuma, akanishukuru kwa kumwamini.

Sikumwamini. Kidole kilipogusa ulimi niliomba uwe unga. Kitanda chake, mtoto wake, vyote viende, mradi mimi nionje.

Nilikwenda chooni nikatema, nikatema, na mate hayakuisha.