Papa Akishiba Leo, Atashinda

Nilipokuwa na miaka kumi na moja, mimi ndiye niliyekuwa nabii wa mtaa wetu. Nalisema hilo bila aibu. Aibu yangu iko mahali pengine, nitafika. Kila Jumapili ya mieleka, ile ya kulipia kiingilio ambayo sisi watu wa Lubumbashi tunaiita catch, wanawake wa kwetu Kampemba waliniuliza nani atashinda, nami sikukosea hata mara moja. Wengine walisema naota ndoto. Jirani mmoja alisema nimezaliwa na macho manne. Niliwaacha waseme.

Ukweli ni kwamba papa yangu, baba mzazi, alikuwa mpiganaji wa catch, na mimi nilikuwa naangalia sahani yake. Catch si ugomvi, ni kazi ya watu wawili wanaoelewana. Mwenye maonyesho, tuliyemwita patron, huamua siku moja kabla nani ashinde, halafu wapiganaji wanafanya mazoezi ya kuangushana bila kuvunjana. Sasa, mtu atakayetupwa chini kwa tumbo mara tano, sita, mbele ya watu, hawezi kwenda ameshiba. Siku ya kushindwa papa alikunywa chai tupu. Siku ya kushinda alinawa mikono, akamaliza bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo, akaomba aongezewe. Hakuna aliyenifundisha. Niliona tu, basi.

Unabii huo ulinilipa kwa maji. Miaka ile kila kitu kilikuwa kimeharibika. Kampuni ya migodi iliyomlisha papa ilikuwa imebaki mageti na walinzi, maduka ya mjini yalikuwa yameporwa hadi mbao za rafu, na mtaa mzima ulikuwa na bomba moja linalotoa maji, tena kwa saa mbili tatu asubuhi. Foleni ilianza kabla ya jua. Mimi nilikuja nimechelewa na ndoo zangu mbili, nikamwambia mama fulani sikioni jina la mshindi, naye akanisogeza mbele yake. Halafu aliyefuata, halafu aliyefuata. Nilikuwa mjanja, na nilijipenda kwa ujanja huo.

Kisha ikaja habari ya kufukuzana. Babu yangu alitoka mkoa wa Kasai kuja huku kwetu Katanga kufanya kazi ya reli. Papa alizaliwa hapa, akabatizwa hapa, na lugha ya Kasai aliisema kwa kukosea hadi wazee wakamcheka. Haikusaidia. Redio ilisema wageni warudi kwao, na mgeni, kumbe, alikuwa papa. Tulisikia watu wa Kasai walioko miji ya Likasi na Kambove wametolewa majumbani wamekaa kituoni wakingoja treni. Lubumbashi ilikuwa na afadhali kidogo. Wengi wa kwetu walibaki, wakainamisha kichwa, na wapo hadi leo. Sisi pia tungebaki. Naomba mlikumbuke hilo.

Papa alikuwa na rafiki mmoja wa kweli. Alikuwa mtu wa kaskazini mwa Katanga, mwenyeji basi, ambaye walianza naye karakana moja ya migodi, wakaimba kwaya moja, na ulingoni walipigana wao kwa wao zaidi ya miaka kumi. Watoto nyumbani tulimwita papa mudogo. Papa alikuwa akisema hawezi kulala mgongo wazi mbele ya mtu mwingine, ila yule anaweza kumrusha amefumba macho.

Jumapili ile walipangiwa kupigana wao wawili. Kila mtu alijua papa atashindwa, kwa hali ilivyokuwa. Mwenye maonyesho, ambaye naye alikuwa mtu wa Kasai, alitaka iwe hivyo ili yaishe salama. Rafiki ndiye aliyekataa. Alikuja Jumamosi, wakakaa uani, nami nilikuwa naosha vyombo nyuma ya ukuta.

"Mara mbili umeanguka," alimwambia papa. "Kesho ni zamu yako. Nitaanguka, halafu miye mwenyewe nitainua mukono yako. Baone. Bantu banapenda sisi wawili, batanyamaza."

"Iko hatari," papa akasema.

"Hatari iko kila siku. Tunaojua ni watu watatu tu: wewe, miye, na patron. Nani atasema?"

Asubuhi yake papa alikula. Maji yalikuwa hayajatoka siku tatu, mama alikuwa na mtoto mchanga mwenye kuharisha, na foleni ya bombani ilipinda hadi barabara kubwa. Nilianza ujanja wangu. Nikanong'ona: papa yangu. Mwanamke niliyemwambia akacheka.

"Siku hizi? Hawawezi kumuacha muntu ya Kasai ashinde. Leo umedanganya, nabii."

Ningenyamaza. Mtoto mwenye akili angenyamaza. Lakini niliona nafasi yangu inaondoka, na zaidi ya nafasi, niliona naitwa mwongo mbele ya watu, na mimi kuitwa mwongo siwezi, hata leo. Nikasema kwa sauti: "Atashinda. Wamepanga. Rafiki yake amekubali kuanguka." Vijana wawili wa ile jeunesse, kundi la vijana lililokuwa likipita nyumba hadi nyumba kuwafukuza wageni, walikuwa wameketi juu ya madumu yao pale pale. Waligeuka, wakaniangalia, wakaangaliana. Nilijaza ndoo zangu nikaenda.

Saa kumi uwanja wa shule ulijaa. Nilikuwa nimekaa na mama upande wa wanawake. Raundi ya kwanza watu walicheka na kupiga makofi kama zamani, na nikajiambia rafiki alisema kweli, watu wanawapenda. Raundi ya pili kelele ikatoka nyuma: wameuza, wamepanga, wanataka mwenyeji alambe mavumbi mbele ya mgeni. Wale vijana na wenzao wakavunja kamba za ulingo. Papa mudogo alijitupa juu ya papa kumkinga, wakamvuta kwa miguu wakamweka kando, yeye hawakumgusa zaidi ya hapo. Papa walimpiga kwa mbao za ulingo wenyewe. Mwenye maonyesho walimvunja meno. Nilisikia bega la papa likitoka. Sitaeleza zaidi.

Siku mbili papa alilala kitandani. Siku ya tatu alimwambia mama, akiangalia ukuta, "Tuliojua tulikuwa watu watatu. Patron wamemvunja meno. Miye hunioni? Basi amebaki nani?" Mama alisema hapana, si yule, yule hawezi. Papa akasema hesabu ni hesabu. Mimi nilikuwa nimeshika beseni la maji moto na chumvi, la kukandia bega. Nikamwaga nusu ya maji sakafuni, mama akanigombeza.

Mchana huo huo rafiki alikuja. Alisimama mlangoni, hakukaribishwa.

"Mukuje kwangu," alisema. "Nyumba ya nyuma iko wazi. Miezi mitatu, mine, hii fujo itapita. Hakuna muntu atapita mulango yangu kuwagusa."

"Ni wewe njo uliniuza," papa akamjibu. Hakupandisha sauti.

Rafiki aliduwaa. Aliniangalia mimi, akamwangalia mama, kama anayetafuta mtu wa kumtafsiria. Aliapa kwa Bikira, akaapa kwa watoto wake. Papa alifunga macho. Na mimi, jamani, nilikuwa hatua mbili kutoka kitandani. Lilikuwa jambo la kusema sentensi moja. Niliogopa kipigo. Ndiyo, kipigo tu, cha mtu asiyeweza kuinua mkono. Nilijiambia nitasema jioni, kisha nikajiambia kesho.

Kesho yake papa aliamua tuondoke. Alisema majirani wakikukataa unaweza kuvumilia, lakini kama hata yule, mji huu hauna mtu tena. Tulikaa kituoni majuma matatu chini ya hema la plastiki. Mtoto mchanga alifia hapo, tukamzika na wengine nyuma ya reli. Siku ya treni rafiki alikuja na mfuko wa unga na samaki wakavu. Papa alimgeuzia mgongo, mbele ya watu wote. Mama alipokea mfuko huku analia. Mimi nilitazama viatu vyangu.

Kasai hatukuwa na mtu. Walituita watu wa Katanga, na walikuwa na haki. Papa aliishi misimu miwili ya mvua, bega limeganda, kifua kimeharibika. Alipokuwa anakaribia kufa nilikaa naye peke yangu alasiri nzima, na nilikwisha kukusanya maneno yote. Yeye akaanza kwanza. Akasema, "Ningemuona huyo mara moja tena, ningemuuliza tu kwa nini." Nikamfuta jasho. Nikamwambia apumzike.

Nimerudi Lubumbashi nikiwa na nywele nyeupe. Rafiki wa papa nilimkuta hai, Kampemba hiyo hiyo, anatengeneza viti vya mbao mbele ya nyumba yake. Alinitambua kwa sura ya mama. Aliniletea kiti, akauliza habari za mmoja mmoja. Nilimwambia yote, bomba, vijana, maneno niliyosema. Nililia, sikuficha. Nilitarajia anifukuze, au aniambie nilikuwa mtoto, kwa sababu wote niliowaambia husema hivyo, ulikuwa mtoto.

Aliiweka randa mapajani. Halafu akauliza, "Na yeye, ulimwambia?"

"Hapana, papa mudogo."

"Hata siku ya mwisho?"

"Hata siku ya mwisho."

Alitikisa kichwa taratibu, si kwa hasira.

"Basi alikufa akijua ni miye," alisema.