Mama Aliyemshinda Mzimu wa Rukuba

Juzi asubuhi nilikuwa Bunda, nimekaa mgahawani nasubiri supu, simu ikaita kutoka Suguti. Alikuwa mke wangu, na kwa sauti yake tu nikajua kuna mtu ametutoka. Ni yule mama wa dagaa, dada yake wa ukoo, aliyezoea kuniita shemeji kwa sauti kubwa hata mbele ya mabosi wangu. Alilala vizuri, hakuamka. Machozi yalinitoka, sioni aibu kusema. Kisha, hata supu haijafika, nikajikuta nacheka peke yangu, mpaka mhudumu akaniuliza kama niko sawa.

Wengi wenu hamkumjua. Alikuwa mama wa kuanika na kuuza dagaa, na saa zake za mapumziko alikuwa mtazamaji. Nasema mtazamaji kwa heshima zote, kwa sababu sijapata kuona mtu aliyetazama picha kwa bidii kama yeye, wala aliyekuwa na maoni mengi kama yeye, na yote aliyatoa papo hapo bila kusubiri picha iishe. Vichekesho vya zamani alivipenda kupita kiasi. "Shemeji, wale wazee walikuwaga wanaanguka tu, na wewe unacheka mpaka mbavu zinauma," aliniambia. "Hawa wa sasa wanamtukana mtu, halafu wanakutolea macho eti ucheke." Siku moja nilimkuta kwa binti yake, mtaani Iringo, amekaa na wajukuu mbele ya tamthilia ya yule shujaa anayeruka hewani na kuinua magari. Wajukuu walikuwa wameduwaa. Yeye alikuwa amekasirika. "Kila wiki anaokoa mji uleule! Si awafundishe wenyeji walinde mji wao, na yeye akapumzike kwao?" Wajukuu wakamwomba anyamaze. Hakunyamaza.

Lakini kilichonichekesha mgahawani ni habari ya Rukuba. Miaka kadhaa iliyopita nilivuka ziwa kwenda kisiwani huko kumsalimia, kwa kuwa alikuwa amehamia kambini kwa msimu wa dagaa. Wanaojua uvuvi huu wanajua kwamba mwezi ukiwa mpevu kazi husimama. Dagaa hufuata taa, na taa ya mvuvi haifui dafu mbele ya mbalamwezi. Basi siku hizo wavuvi hulala, hushona nyavu, na hujazana kwenye kibanda cha video. Rukuba kilikuwepo kimoja tu, cha mabati, chenye televisheni na sola. Mwenye kibanda alifanya kosa ambalo nadhani haliwezi kufanywa popote isipokuwa kambi ya dagaa. Siku ya mwisho ya mapumziko, watu wakijiandaa kurudi ziwani, akawawekea picha ya mzimu. Mwanamke mwenye nguo nyeupe anaibuka majini ubavuni mwa mtumbwi na kumshika mvuvi mkono. Basi. Jioni ilipofika hakuna mtumbwi uliong'oa nanga. Huyu tumbo, yule injini, mwingine amekumbuka msiba wa shangazi.

Jioni ya pili ikawa vilevile. Akina mama waliokuja kuanika dagaa wakabaki kutazama miamba mitupu, na mwenyekiti wa mwalo, yaani ile bandari ndogo ya wavuvi, akatangaza kwamba kibanda kitafungwa na televisheni itarudishwa Musoma. Kwa marehemu hayo yalikuwa mapigo mawili kwa mpigo. Dagaa ndiyo kazi yake, na kibanda ndiyo furaha yake pekee kisiwani. Nilimwona akifunga kanga kiunoni. Akamfuata mwenyekiti na kumwambia, "Baba, nipe mchana wa leo tu. Wakikataa kwenda tena, funga, na mimi nitakusaidia kubeba hiyo tivii mpaka kwenye boti." Mwenyekiti akakubali, nadhani kwa kuchoka tu.

Mchana ule kibanda kilijaa mpaka nje. Akamwagiza mwenye kibanda arudie picha ileile, ila azime sauti. Mnajua picha zetu hizi hutafsiriwa na mtu anayezungumza juu yake. Basi siku hiyo mtafsiri akawa yeye, amekaa palepale benchi la mbele. Mzimu ulipoibuka, watu wakarudi nyuma. Yeye akaanza, kwa sauti ya mke aliyechoka: "Baba Nanii! Nimekutafuta Bunda, nimekutafuta Musoma, kumbe uko huku! Sare ya mtoto iko wapi? Uliniambiaga Jumatatu!" Mvuvi wa kwenye picha akatetemeka, na mama akamjibia, "Mke wangu, mtandao ulikuwaga unasumbua." Kibanda kililipuka. Hakuna mwanamume mle ndani ambaye hajawahi kuulizwa swali hilo na kutoa jibu hilo. Kila mzimu ulipojitokeza, alidai kitu kingine: bati la jiko, viatu, mahari ambayo haijamalizika. Watu wakawa wanautaka utokee.

Nahodha mmoja, mtu mzima, alisimama amenuna. "Mama, usicheze na haya. Babu yangu aliyaona kwa macho." Mama akamgeukia kwa upole. "Ya babu yako tunayaheshimu, baba. Ila huyu dada wa kwenye tivii ni mwajiriwa. Angalia nywele, zimetoka majini hazijalowa." Kweli, zilikuwa kavu. Nahodha akatazama, akakaa, akaanza kutikisika mabega kwa kicheko. Jioni hiyo mtumbwi wake ndio uliotangulia kuondoka, na asubuhi miamba yote ya Rukuba ilikuwa imefunikwa dagaa.

Jana tulimzika Suguti. Padri alipoomba neno kutoka kwa waliofanya kazi naye, alisimama yule mwenyekiti wa mwalo, kazeeka sasa. Akasema, "Mimi nilitakaga kufunga kile kibanda. Huyu mama akanishinda mchana kweupe, mbele ya watu, na kibanda kipo mpaka leo. Nimekuja kumshukuru." Akasimulia habari za sare ya mtoto, na waombolezaji wakacheka mpaka wakashikana. Mama mmoja akapiga kigelegele kando ya jeneza, wengine wakapokea, na padri akasubiri kwa tabasamu mpaka wakamaliza. Sijawahi kurudi kutoka mazishini nikiwa nimejaa furaha kiasi kile.

Siku hizi kila mtu anatazama peke yake, simu mkononi, spika masikioni, na anayeogopa anaogopa kimyakimya. Picha za kutisha hazikuhama; nyingine tunaziita habari, nyingine tunatumiwa na ndugu zetu kwenye magrupu. Nimejifunza kwa shemeji yangu kwamba kutazama ni kazi, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kufungua mdomo. Ukitishwa, usikimbilie kuzima. Waite wenzako, rudia polepole, kisha mtu mmoja aseme kwa sauti kile ambacho kila jicho limeshakiona: nywele zake ni kavu.